Dakika Sita Mbele au Nyuma

Ukimwuliza Mwalimu saa ngapi, ujiandae kupewa saa pamoja na mkia wake. "Saa nne na robo," atasema, halafu atainua kidole kukuzuia usiondoke kwanza, "dakika mbili mbele au nyuma." Umwulize nyanya zinauzwaje sokoni, atakupa bei na mkia. Siku moja nilimwuliza umri wake, nikajibiwa, "Hamsini na mbili, mwaka mmoja mbele au nyuma," eti padri aliyeandika cheti chake cha ubatizo alikuwa na haraka ya kuwahi kijiji kingine. Toka siku hiyo sikumwuliza tena habari za kuzaliwa kwake, kwa hiyo na wewe msomaji usizitafute hapa.

Tulimwita Mwalimu wa Rada. Hakufundisha rada, nani angelipia? Alifundisha fizikia na hesabu katika shule yetu ya binafsi, jirani na karakana za Kizota, ambako mwalimu lazima apaze sauti kumshinda mtu anayegonga bati upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara imefunguliwa: mitumba imejaa, redio za betri zimejaa, saa za plastiki zinazolia kama vifaranga zimejaa, na kila mwenye saruji ya ziada anajenga sekondari. Mimi nilikuwa karani. Masjala ilikuwa yangu, taipu yangu, mashine ya kudurufu yangu, na chai ya Mkuu wa Shule nayo ikawa yangu bila kuandikwa kwenye mkataba.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa mtu wa rada kwelikweli. Alipelekwa ng'ambo, nchi ya baridi, akakaa miaka akijifunza kufuatilia setilaiti. Rada, alitueleza pale chumba cha walimu, ni mtu anayepiga ukelele bondeni na kusikiliza mwangwi. Mwangwi ukikawia, mlima uko mbali. Upande ulioelekeza uso, ndiko mlima uliko. Unapata umbali, unapata upande, unapiga hesabu, unajua kitu kinakwenda wapi na kesho kitakuwa wapi. "Sasa shida," alisema, na aliposema "sasa shida" walimu wenzake walichukua chaki zao wakatoka, "ni kwamba hakuna anayeusikia mwangwi sawasawa."

Huko ng'ambo, kwa maelezo yake, ilitokea kwa miezi miwili kila setilaiti ikawa inachomoza mahali tofauti na ilikotabiriwa. Mabingwa wakarudia hesabu, wakalaumiana, wakafika hatua ya kutosalimiana. Kumbe theluji ilikuwa imeyeyuka na msingi wa rada umezama upande mmoja. Umezama kiasi gani? Akatuonyesha kipande cha chaki. Si urefu wake, jamani, unene wake. Huku chini unene wa chaki, kule juu kilomita mbili. Na aliyegundua alikuwa yeye, tena si kwa hesabu. Kila alipoiweka penseli yake mezani ndani ya kile kibanda cha rada, ilibingirika kuelekea mlangoni. Mwishowe akaacha kuilaumu penseli.

Aliporudi nchini alifanya kazi yake muda, halafu kitengo kikafungwa naye akapunguzwa. Ndilo neno la wakati ule, kupunguzwa, kama vile mtu ni suruali ndefu. Wengine waliopunguzwa walifungua maduka, wengine walianza kulewa. Yeye alikuja kwetu kama mwalimu wa muda, analipwa kwa vipindi, akiwa na begi moja la nguo na mawili ya karatasi.

Karatasi zenyewe zilikuwa barua. Rafiki yake aliyebaki kule ng'ambo alimwandikia kila mara, na ndani ya barua hakukuwa na habari za watoto wala hali ya hewa, isipokuwa safu za tarakimu: setilaiti fulani, rada imeiona mahali fulani, saa fulani, inazunguka dunia kwa dakika kadhaa. Mwalimu akizipokea alikuwa anang'aa kama mtu aliyeletewa picha ya mchumba. Anakaa, anapiga hesabu kwa mkono, kisha anatoka nje na kutangaza: "Alhamisi, saa moja na dakika ishirini, nusu dakika mbele au nyuma, itatokea upande wa reli, itapita juu ya tangi la maji, itazimikia upande wa Chamwino."

Na ilikuwa inatokea! Hapo ndipo alipotunyamazisha sisi wenye midomo. Tunasimama uwanjani, jua limeshazama lakini huko juu bado lipo, na kanyota kanakuja bila haraka wala kupepesa, kanapita juu ya tangi, kanakwenda zake. Wanafunzi wanapiga makofi. Mpishi wetu alikuwa anajifunika kanga usoni, anachungulia kwa jicho moja, halafu anauliza kama walio ndani wanatuona.

Lakini kuna siku haikutokea, au ilitokea wakati tumeshakata tamaa tunarudi ndani. Hapo sasa maelezo. Siku moja alikuwa anatufafanulia hayo, mimi na mlinzi wetu wa getini, Mgogo aliyekuwa mchungaji wa mifugo hadi ukame ulipomleta mjini. Mwalimu akasema: chukua mbuzi anayezunguka kilima. Umemwona anapita, umepima kasi yake, lakini umekosea kidogo tu, hatua moja kwa kila mzunguko. Mzunguko wa kwanza hutagundua kitu. Wa kumi, umekosea hatua kumi. Na setilaiti hii huzunguka mara kumi na tano kwa siku. Ukikosea sekunde moja kwa mzunguko, baada ya siku ishirini umekosea sekunde mia tatu. "Dakika tano, binti! Wewe umesimama huku na kamba, mbuzi yuko kule anamaliza mihogo ya jirani."

Mlinzi alikuna kidevu. "Lakini Mwalimu," akasema, "kwani huyo mbuzi unamwangalia mara moja tu? Mimi wangu nilikuwa nakwenda kumwona kila jioni. Nikimwona, najua tena alipo."

Mwalimu alimkumbatia. Nasema alimkumbatia, na rungu lake, mbele ya wazazi waliokuja kulipa ada. "Miaka mitatu nafundisha," akaniambia, "huyu ndiye wa kwanza kufaulu." Maana siri yote ilikuwa hapo. Rada inaona, inakosea kidogo, kosa linakua. Dawa yake ni kuona tena. Sasa yeye hakuwa na rada. Alikuwa na posta, na barua ilichukua wiki tatu kufika. Dawa yake ilikuwa kupanda juu ya tangi la maji jioni, redio mkononi kwa ajili ya mlio wa saa kamili, akaipima setilaiti kwa macho inapopita, akarekebisha. Akiiona leo, ya kesho haimpotei. Isipopita jioni kwa muda mrefu, mkia wa dakika zake unarefuka, naye anaona aibu kama mtu aliyevaa shati lenye kiraka.

Ungedhani mtu wa namna hiyo anawahi kazini. Wapi! Kipindi cha saa mbili alikiingia saa mbili na dakika kumi na tano, mkia wa peke yake usio na mbele, nyuma tu. Akijikwaa mguu wa kushoto njiani anarudi nyumbani, anavua viatu, anakunywa chai, anaanza safari upya. Nikamwambia, "Mwalimu, msomi mzima unaamini mambo ya kujikwaa?" Akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba hilo ni kosa la mwanzo wa safari, na yeye hapendi kosa la mwanzo likue. Ukibishana na mtu wa hesabu unatoka na kichwa kinauma.

Alikuwa mkali kwa mambo ya ajabu. Mwanafunzi akiandika jibu bila kusema amelikosea kwa kiasi gani, hapati alama zote. "Anayekuambia namba tupu," alikuwa anawaambia, "ama ni malaika ama ni mwongo, na malaika hawakai Kizota." Lakini mwanafunzi huyohuyo akikosa ada, Mwalimu alikuwa wa kwanza kuja masjala kunibembeleza nisimwandike kwenye orodha ya kurudishwa nyumbani. Mimi nilikuwa namkoromea, halafu jina silioni, unajua tena, macho ya kuandika taipu.

Na alikuwa na mke. Mke alikuwa Kibakwe, huko milimani Mpwapwa, analima maharage, kwa sababu mwalimu wa muda hapewi nyumba. Nyuma ya madarasa kulikuwa na nyumba mbili za walimu walioajiriwa kudumu, moja tupu. Mwalimu wa Rada alikuwa anapita pale jioni. Nilimfuma akipima madirisha kwa kamba, akaficha kamba mfukoni. "Mapazia," akasema, kisha akatazama chini. "Mwenzangu anapenda ya kijani." Miaka minne walikuwa wanaonana mwisho wa mwezi tu, tena mabasi yakipenda. Siku ile nilimwonea huruma.

Wa kuamua alikuwa Mwenyekiti wa Bodi, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini. Hakumpenda. "Anajua saa ya setilaiti," alikuwa anasema, "hajui saa ya kuingia kazini?" Lakini Mkuu wetu wa Shule, mama mmoja mwenye akili nyingi, alimtaka Mwalimu abaki, maana matokeo ya fizikia yalikuwa yamepanda. Akapanga mpango. Siku ya Wazazi ilikuwa Jumamosi, na mgeni rasmi ndiye huyohuyo Mwenyekiti. Jumatatu Bodi ingekaa kuamua ajira. Basi jioni ya Jumamosi, mwisho wa sherehe, Mwalimu amwonyeshe Mwenyekiti setilaiti. "Akiiona kwa macho yake," alisema Mama Mkuu, "nyumba ile ni ya Mwalimu."

Kumbe bahati mbaya, ilikuwa karibu wiki tatu setilaiti ile haijapita kwetu jioni. Ilikuwa inapita mchana, haionekani. Tangu Mwalimu aipime kwa macho mara ya mwisho zilikuwa zimepita siku ishirini, na barua mpya haijafika. Mwalimu akapiga hesabu siku mbili, akaniletea karatasi ya kuingiza kwenye ratiba: "Setilaiti: saa 1:13 jioni, dakika sita mbele au nyuma." Nikamwuliza kwa nini sita. "Tano za hesabu," akasema, "na moja ya adabu."

Sasa nisikilize mimi nilivyofanya asubuhi ile ya Jumamosi. Ratiba ya mgeni rasmi ina safu mbili, SAA na TUKIO. Kwenye safu ya SAA kila kitu kilikuwa kimekaa vizuri: wageni kuwasili, wimbo wa taifa, risala, ngoma, hotuba. Nikafika mwisho, nikatazama ule mkia wa dakika sita. Nikasema moyoni, hii itamwaibisha. Mwenyekiti atasema hata ratiba hajui. Safu yenyewe ni nyembamba. Nikaandika 1:13, setilaiti, jina la Mwalimu, nikaishia hapo, nikapeleka stensili kwenye mashine nikijiona nimemsaidia mtu. Sikumwuliza yeye, wala Mama Mkuu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na nilijua kila kitu.

Saa ya sherehe ikafika. Turubai kubwa, maua ya karatasi, na wazazi wameketi. Mambo yalikwenda kwa ratiba, ajabu kweli, hadi Mwenyekiti alipoanza hotuba saa moja kasoro kumi. Alikuwa amalize saa moja na dakika kumi, watu watoke uwanjani, watazame juu. Mimi nilikaa pembeni karibu na Mama Mkuu. Mwalimu hakukaa. Kuanzia saa moja na dakika saba alisimama nje ya turubai, shati jeupe, shingo imeelekea upande wa reli.

Mwenyekiti alikuwa amefika kwenye vyoo. Alikuwa anaeleza jinsi alivyotoa saruji ya vyoo, mifuko mingapi, na aina gani. Saa moja na dakika nane nikamwona Mwalimu amejinyoosha kama aliyeguswa na umeme. Akatazama juu. Akatutazama sisi. Halafu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, akainua mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda nje.

Nani humkatiza mgeni rasmi? Mama Mkuu alimkazia macho. Mkono ukashuka. Ukapanda tena, safari hii na kidole kimoja kinaelekeza angani. Mama Mkuu akatikisa kichwa, akauma mdomo. Mwenyekiti akaona, akasema kwenye kipaza sauti, "Mwalimu, maswali baadaye," wazazi wakacheka, naye akaendelea na masinki. Mwalimu alishusha mkono. Akageuka polepole, uso juu, kutoka upande wa reli hadi upande wa Chamwino, akiisindikiza peke yake. Turubai lilitufunika sisi wote. Mimi nilimwona yeye tu anavyogeuka, nikajua ndiyo inapita.

Saa moja na dakika kumi na tatu watu mia tatu wakasimama uwanjani shingo zimevunjika. Wanafunzi wawili wakapiga kelele "ileee!" wakionyesha popo. Mzazi mmoja akasema ameiona, ni nyekundu. Mwenyekiti alitazama saa yake ya dhahabu, akatazama juu, akatazama saa.

"Mwalimu, iko wapi?"

"Imeshapita, Mheshimiwa."

"Imepita saa ngapi?"

Mtu mwingine angedanganya. Angesema mawingu. Yeye akajibu kwa heshima zote, "Ulikuwa kwenye vyoo, Mheshimiwa."

Kisha mpishi wetu, Mungu amsamehe, akacheka. Uwanja mzima ukafuata.

Jumatatu Bodi haikuchukua hata robo saa. Barua niliichapa mimi: uongozi unakushukuru kwa huduma yako. Nilikosea herufi mara nne kwa sababu ya machozi, nikabadilisha karatasi mara nne. Alipokuja kuichukua nilitaka kusema, Mwalimu, ni mimi, ule mkia niliukata mimi. Nikasema, "Pole, Mwalimu." Akanishukuru kwa uchapaji safi. Akaondoka na begi lake la nguo na mawili ya karatasi.

Miaka sita nilitembea na jambo hilo. Niliolewa, nikahamia ofisi nyingine, nikajifunza kompyuta, lakini nikiona ratiba yoyote roho inaruka. Mwaka wa sita nikaenda Kibakwe kwenye harusi ya mdogo wa mume wangu, na asubuhi ya pili nikaulizia nyumba ya mwalimu mmoja aliyekuwa mtu wa rada. Mtoto gani asiyeijua? Nikapelekwa.

Alikuwa uani, amepungua mwili kidogo, anachonga mpini wa jembe. Mke wake alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua maharage.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti! Hebu ona! Mama, huyu ndiye yule karani wetu."

Mama yule aliinua macho. "Ndiye huyu mpiga chapa," akasema. Wala hakuuliza. Alinipa kigoda chenye mguu mmoja mfupi, akarudi kwenye maharage yake. Chai sikuiona. Nikaelewa kwamba humu ndani jina langu limeshatajwa sana.

Sikuzunguka. Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi, nikasema yote: safu nyembamba, mkia wa dakika sita, na mimi kujifanya najua. "Mngekaa pamoja kwenye ile nyumba. Ni mimi niliyewanyima. Nisameheni." Nililia bila aibu. Mama hakunizuia, aliendelea kutupa mawe ya maharage pembeni, moja moja.

Mwalimu aliweka mpini chini. Akapangusa vumbi la mbao magotini, taratibu, nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anamwogopa mtu mwingine.

"Inuka, binti," akasema, nami nikarudi kwenye kigoda changu. "Asubuhi ya sherehe nilipita masjala. Wewe ulikuwa jikoni unachukua chai ya Mkuu. Ratiba zilikuwa mezani zimeshadurufiwa, na wino haujakauka. Nikaisoma."

"Uliisoma?"

"Niliisoma. Na kalamu nilikuwa nayo hapa mfukoni. Kulikuwa na saa kumi nzima za kusahihisha." Alijifuta uso kwa kiganja. "Lakini ilikuwa imekaa vizuri, binti. Jina langu, na namba moja, safi, kama ya watu wengine. Nikafikiria madirisha yale. Nikajiambia, leo tu, siku moja tu katika maisha yangu, niseme kitu na kiwe. Wewe hukujua. Mimi nilijua."

Mikono ya mama ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Hujaniambia hayo," akasema.

"Sijakuambia."

"Miaka sita namlaani binti wa watu. Kanisani namlaani. Shambani namlaani. Unanisikia, unaitikia."

Mwalimu alitazama miguu yake. Mama akasimama, akampakatisha mumewe ule ungo na maharage yake, akampa na kisu cha vitunguu. Kisha akaja akanishika mkono, akaniondoa kwenye kile kigoda kibovu, akaniketisha kwenye cha kwake.

"Mwanangu, utakula hapa," akasema. "Leo anapika yeye."